Hotuba ya Bwana Gondo ya Kuufunga Mradi wa Kisanduku cha Hobi

(Imenukuliwa neno kwa neno na mimi, Nezu Haruyo, karani wa mkataba wa mwaka mmoja katika Idara ya Ajira, Manispaa ya Tokinose, leo tarehe thelathini na moja Machi, siku ambayo mkataba wangu nao unaisha. Yaliyomo kwenye mabano ni yangu.)

Mstahiki Meya, ambaye ameshindwa kufika lakini ametuletea kiti chake, Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye alifika lakini ameshaondoka, Waheshimiwa Madiwani, Mwakilishi wa Mwakilishi wa Gavana wa Mkoa, Mwenyekiti wa Chama cha Wenye Maduka ya Mtaa wa Stesheni, Mwenyekiti aliyemtangulia, na Mwenyekiti aliyemtangulia huyo aliyemtangulia, Kamanda wa Zimamoto wa Kujitolea, Mama Mlezi wa Kwaya ya Wastaafu, wakuu wenzangu wa idara, vitengo, vitengo vidogo na madawati, nanyi ndugu zangu waombaji kazi mia moja themanini na saba, ambao ndio walengwa, ndio wadau, na, nikitazama ukumbi huu, ndio peke yenu mliokuja, nikimtoa Kamanda wa Zimamoto pale mlangoni, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

(Makofi ya adabu. Watu wanainamisha vichwa. Saa ya ukutani inaonyesha saa tisa na dakika tano alasiri.)

Kabla sijaanza, naomba nianze. Mimi, Gondo Shigeharu, Mkuu wa Idara ya Ajira, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kisanduku cha Hobi, na mlezi wa timu ya gofu ya watumishi wa manispaa, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, bila kujisifu, haujapata kuonekana katika mji huu, ili niwasilishe kwenu, kwa muhtasari usiozidi saa mbili, mafanikio ya Mradi wetu wa kimkakati, mtambuka na shirikishi, uliobuniwa kujibu kwa kina swali ambalo limewakosesha usingizi wataalamu wa ajira nchi nzima, nalo ni hili: katika fomu ya wasifu, upande wa kulia, chini ya shule ulizosoma na juu ya muhuri wako, pana kisanduku kimoja kidogo, hakizidi upana wa kiganja, kinachouliza hobi zako. Je, mwombaji kazi akijaze, au akiache kitupu?

(Mzee Ushijima, aliyekuwa mkata vitambaa wa kiwanda cha miavuli, kutoka safu ya tatu: "Si utuambie basi! Tujaze, tusijaze?")

Nakushukuru sana, Mzee Ushijima, kwa swali zuri, na nakuahidi kuwa Idara italichunguza kwa mtazamo chanya.

Ndugu zangu, asiyejua alikotoka hajui aendako. Kiangazi kilichopita, kiwanda chetu cha miavuli kilipofunga milango baada ya miaka sitini na sita, watu mia mbili na kumi na wanne walirudi makwao na mwavuli mmoja mmoja wa kuagia, na siku hiyo, kama mnavyokumbuka, hata mvua haikunyesha. Wakati wengine wakilia, Idara yangu haikulia. Idara yangu iliunda kamati. Na kiwanda cha figili za kuchachusha, kilichoko ng'ambo ya daraja hili hapa, kilipotangaza nafasi arobaini na kusema fomu zote ziwe zimefika getini kwake kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo, ni Idara yangu iliyowaambia: jamani, msikimbilie kupeleka fomu wenyewe kama watu wasio na serikali, zileteni kwetu, wataalamu wa Kituo cha Hobi wazipitie, wakitazame kile kisanduku, wakinyooshe, wakiboreshe, kisha sisi wenyewe tuzifikishe kwa mwajiri kwa heshima zote. Nanyi mkazileta, zote mia moja themanini na saba! Imani iliyoje! Imani iliyotukuka!

(Makofi. Mwanamke mmoja wa safu ya pili amebaki amesimama. Ni Bi Kuwabara Tomie, miaka hamsini na mitatu, aliyeshona miavuli kwa miaka ishirini na tisa. Tangu kiangazi amekataliwa kazi mara arobaini na moja. Najua, kwa sababu barua za kumkataa zote zilipitia mezani kwangu, na kila moja ilimtakia afya njema. Kiwanda cha figili ndicho pekee mjini ambacho bado kinachukua watu wa umri wake.

"Samahani Mkuu, sitaki kukukatiza," anasema. "Nataka kujua tu. Fomu zetu zimeshafika kule?")

Bi Kuwabara, nakupongeza kwa uthubutu wako. Fomu zenu zimeshatoka katika hatua ya chini, zikapita hatua ya kati, na ninavyozungumza nanyi ziko juu kabisa.

("Juu wapi?")

Hapa jukwaani. Kabati hili la chuma mnaloliona nyuma yangu, lenye utepe mwekundu na mweupe, ndilo Awamu ya Kwanza ya Kituo cha Hobi, na humo ndani fomu zenu zimetulia, kavu, salama, zimepangwa kwa majina ya koo, na kwa mujibu wa utaratibu zitapelekwa mara tu hotuba hii itakapokwisha, kwa kuwa hotuba ndiyo inayoukamilisha Mradi.

(Minong'ono. "Bado zimo humo?" "Si tuliambiwa zilikwenda wiki iliyopita?" "Leo si ndiyo mwisho jamani!" Hakuna anayetoka. Kwetu mtu hatoki katikati ya hotuba, hata nyumba yake ikiwaka moto; angalau husubiri makofi.

Bi Tomie: "Basi naomba yangu, Mkuu. Nina baiskeli nje. Nitaipeleka mwenyewe.")

Wazo zuri! Ndiyo maana huwa nasema wananchi wa Tokinose wana maono. Kurudishiwa fomu kunahitaji ombi la maandishi lenye mihuri mitatu tu: muhuri wako, muhuri wangu, na muhuri wa Mhifadhi wa Ufunguo.

("Wangu huu hapa." Bi Tomie ameshautoa kwenye pochi; kwetu kila mtu mzima ana muhuri mdogo wa jina lake.)

Hongera kwa utayari. Wangu pia ninao. Kuhusu Mhifadhi wa Ufunguo, yeye alihamishiwa Idara ya Makaburi mwezi Aprili mwaka jana, kwa mujibu wa mzunguko wetu wa kila mwaka wa watumishi, na ufunguo, kwa uaminifu wake kwa kazi, aliondoka nao. Kabati aliliacha wazi, nasi tulipokwisha kuziweka fomu tukalisukuma, likajifunga lenyewe. Tumemwandikia. Haraka haraka haina baraka.

(Mzee Ushijima: "Ngojangoja huumiza matumbo!" Kicheko kifupi, kinazimwa na aibu.

Bi Tomie hakai tena kusikiliza. Anakaa kuandika. Kwenye mfuko wake ana pakiti ya fomu tupu kutoka duka la saa ishirini na nne, nne kwa pakiti. Amegeuza kiti kuwa meza na kupiga magoti sakafuni. Kalamu nyeusi nimempa mimi. Fomu ya wasifu haifutwi wala haipakwi rangi nyeupe: ukikosea nukta moja, unaanza upya kuanzia jina. Saa tisa na dakika ishirini na mbili.)

Naona Bi Kuwabara ameanza kunukuu hotuba. Vizuri. Sasa tuingie kwenye takwimu, kwa maana bila takwimu hata mimi nisingeamini mambo yangu. Kabla ya Mradi, hali ilikuwa ya kusikitisha. Asilimia thelathini na moja ya waombaji waliandika kuwa wanapenda kusoma vitabu, na walipoulizwa kwenye usaili ni kitabu gani, wengi walikohoa. Asilimia ishirini na mbili, kutazama filamu. Asilimia tisa, kulala. Asilimia nne, paka. Na mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ameketi safu ya tatu na ameshika fimbo, aliandika "bia."

(Mzee Ushijima: "Niliulizwa napenda nini, nikajibu! Kwani waliuliza kwa utani?" Ukumbi unacheka waziwazi.)

Huo, ndugu zangu, ni utawanyiko. Ni kila mtu kupenda lake! Manispaa haiwezi kupanga mipango ya maendeleo kwa watu ambao kila mmoja anapenda lake. Ndipo Idara yangu ikaandaa Fomu ya Mfano, tukaibandika dirishani, na chini yake tukaweka maelekezo mafupi kwa wino mwekundu: jaza kama mfano unavyoonyesha. Katika mfano huo, pale kwenye kisanduku cha hobi, mtaalamu wetu aliandika hivi: "Kupanda milima. Mwaka jana nilipanda Mlima Nabebuta mara saba." Na matokeo yake ni nini? Nina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba leo hii, katika mji wetu, asilimia mia moja ya waombaji kazi wanapenda kupanda milima, na kila mmoja wao, bila kujali umri, jinsia wala hali ya magoti, mwaka jana alipanda Mlima Nabebuta mara saba!

(Vurugu. "Hee! Na wewe uliandika Nabebuta?" "Dirishani si palisema tujaze kama mfano?" "Mimi nilidhani ni mimi tu!" "Mia na themanini na saba mara saba, mlima wenyewe si ungeshakwisha!" Mzee Ushijima ananyanyua fimbo: "Mimi nina goti la chuma, mjue!" Wale wa nyuma, wakidhani huu ndio mwisho wa hotuba, wanapiga makofi kwa nguvu. Bi Tomie anashtuka. Kalamu imeruka kwenye jina la shule yake ya msingi. Fomu ya kwanza imekufa. Anabandua picha yake taratibu kwa ukucha, anaipaka gundi, anaihamishia kwenye ya pili.)

Nashukuru kwa shangwe hizo. Baadhi yenu mtauliza, je, mwajiri wa figili hatashangaa? Nawajibu kitaalamu. Hobi ni nguzo ya tabia. Mpanda mlima ni mvumilivu. Figili huchachushwa kwa uvumilivu. Hivyo basi, hoja imefungwa. Tuliyachambua pia maoni yanayopingana. Wapo wanaosema usiandike kitu, mwajiri amekuja kununua mikono yako, si Jumapili yako. Wapo wanaosema andika, maana mkono mtupu haulambwi, na mimi nikaongeza katika ripoti yangu ya kurasa mia mbili na nne, kisanduku kitupu hakisomwi. Wapo wanaosema andika kitu kidogo tu, kisicho na madhara, kama kutembea. Kamati ilipokea hoja zote tatu, ikazipima, ikazikubali zote.

(Bi Tomie amefika kwenye kisanduku. Amesimamisha kalamu.

"Mkuu, samahani tena. Sasa hapa niandike nini? Nabebuta siiandiki. Wakiniuliza njia ya kupandia inaanzia wapi, mimi sijui hata kama ina njia.")

Unapenda nini, Bi Kuwabara? Jisikie huru. Serikali inasikiliza.

("Aa, ni kitu cha kijinga." Ameona haya. "Mvua ikiisha, watu wanaacha miavuli iliyovunjika pale stesheni. Mimi naiokota. Naitengeneza, kisha nairudisha pale pale, atakayenyeshewa aichukue. Basi.")

(Ukumbi umeanza kugombana. "Usiandike hiyo, dada! Watasema moyo wako bado uko kwenye miavuli." "Sasa asiandike kitu? Wataona hana hata jambo moja analolipenda duniani!" "Figili zinataka nini na miavuli?" "Mtu anayetengeneza kitu ambacho hakuna aliyemtuma, huyo mimi ningemwajiri jana!" "Wewe una kiwanda?" "Ningekuwa nacho!" Bi Tomie anawatazama huku na huku, na mimi namwonea huruma, kwa sababu amewauliza watu mia na themanini na sita na amepata majibu mia na themanini na sita.)

Utulivu, ndugu zangu, utulivu! Swali hili ni nyeti. Nitawapa mfano wa maisha yangu mwenyewe, ambao ni mfano bora nilionao. Miaka thelathini na sita iliyopita nilikaa mbele ya kisanduku hicho hicho, nikiomba kazi kwenye manispaa hii hii. Mkuu wa wakati ule alikuwa mcheza gofu mashuhuri. Nikaandika: gofu. Sikuwa nimewahi kushika fimbo ya gofu. Nilichopenda mimi, na hili Bi Nezu usilinukuu, ilikuwa ni kufuga samaki wa dhahabu. Nilikuwa nao tisa, na kila mmoja alikuwa na jina. Nikaajiriwa. Jumapili iliyofuata Mkuu akanichukua uwanjani, na tangu siku hiyo, mvua, jua, theluji, sijakosa Jumapili hata moja, samaki walikufa mmoja baada ya mwingine kwa kukosa mtu wa kuwatazama, na kiuno hiki mnachokiona kimepinda, ambacho watu hudhani kimepindishwa na utumishi wa umma, kimepindishwa na ule mpira mdogo mweupe, ambao, nasema kweli, siupendi, nao haunipendi.

(Nimelinukuu. Anaitazama glasi ya maji kana kwamba anatafuta kitu ndani yake. Kisha mtu mmoja amecheka puani, safu nzima ikaambukizwa, viti vikasukumana, na kiwiko cha Bi Tomie kikagongwa. Fomu ya pili, wino umevuka mstari. Picha inabanduliwa tena. Saa kumi na dakika tano.

Bi Tomie, bila kuinua kichwa: "Pole kwa samaki, Mkuu. Lakini wewe ulikuwa na Jumapili za miaka thelathini na sita za kuchezea. Mimi nina dakika hamsini na tano.")

Na hapo ndipo Kituo cha Hobi kinapoingia! Itazameni picha ile ukutani. Ghorofa nne! Ghorofa ya kwanza, mapokezi na mashine ya chai. Ghorofa ya pili, Ukumbi wa Kujengea Uwezo wa Kupenda, ambamo mwananchi asiye na hobi atapatiwa tatu ndani ya siku kumi na nne za kazi. Ghorofa ya tatu, mlima wa ndani, mfano kamili wa Nabebuta, ili anayesema amepanda mara saba apande kweli mara saba bila kulowa. Ghorofa ya nne, ofisi yangu. Kituo hiki, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, kitazalisha ajira elfu tatu za moja kwa moja, elfu tisa zisizo za moja kwa moja, na nyingine nyingi ambazo hata haziko kwenye njia yoyote. Ndani ya miaka ishirini na tano, hakutakuwa na kisanduku kitupu hata kimoja katika mji huu!

("Tunataka kazi, bwana! Visanduku tutavila?" Sijamwona aliyesema. Sauti ilitoka kwa akina mama waliokuwa wakitia vipini vya miavuli kiwandani.)

Nimeipokea hoja hiyo kwa mtazamo chanya. Sasa naomba tusimame sote, tuuage Mradi kwa kaulimbiu yake. Nikisema "Kisanduku!", ninyi semeni "Kijazwe!" Kisanduku!

(Watu wanasimama, kwa sababu wameambiwa wasimame. "Kijazwe!" Sakafu ya mbao imetikisika. Bi Tomie, aliyekuwa amefika kwenye tarehe ya kuzaliwa, amezaliwa sasa mwaka ambao bado haujafika. Fomu ya tatu.)

Hobi ni nini?

("Ni kazi!" wanasema nusu. "Kazi iko wapi?" wanasema nusu nyingine.)

Mlima Nabebuta!

("Mara saba!" Hapa wanacheka mpaka wengine wanajifuta machozi, lakini si kicheko cha raha, na Bwana Gondo peke yake ndiye anayetabasamu. Wanakaa. Bi Tomie amebakiwa na fomu moja. Picha imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu kwa kubanduliwa, na kona moja imechanika karibu na sikio. Anaibandika, anaibonyeza kwa kiganja, anaanza: jina la ukoo, jina lake, anwani. Haijawahi kunitokea kumwombea mtu mwandiko mzuri. Leo nimeomba. Saa kumi na dakika ishirini na tano.)

Na sasa, kwa kumalizia, shukrani, kwa maana asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kingi, na asiyeshukuru kwa kisichokuwepo atashukuru kwa nini? Namshukuru kwa dhati mwenye kiwanja cha Mtaa wa Stesheni, aliyekataa kutuuzia, na kwa kufanya hivyo akakitunza kiwanja. Nawashukuru wakandarasi, ambao hatukuwaita, kwa kutochelewesha ujenzi hata siku moja. Nawashukuru wataalamu kumi na wanne wa hobi, ambao nafasi zao hazikutangazwa, kwa nidhamu ya hali ya juu: hawakuomba likizo, hawakuugua, hawakugombana, hawakufika. Naishukuru Kamati ya Kudumu ya Muda, iliyoketi vikao kumi na kimoja na kufanikiwa kukubaliana jina lake. Namshukuru mpwa wangu, aliyechora ile picha ya ghorofa nne katika muda wake wa mapumziko, maana kuchora ndiyo hobi yake. Na kwa kuwa mwaka wa serikali unafungwa leo, na mimi kesho asubuhi nahamia Idara ya Maji Taka, ambako nawaahidi juhudi zile zile, nina heshima kubwa kuutangaza Mradi huu, ambao haukuwahi kuanza, kuwa umekamilika rasmi, bila ajali, bila jengo, na bila fomu yenu hata moja kusomwa na mtu yeyote. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi.

Nimefanya kazi ukumbini humu mwaka mzima na sijawahi kusikia kimya cha namna hii. Watu mia na themanini na sita wamekaa na mikono magotini. Hakuna anayekohoa. Kitu pekee kinachosikika ni kalamu ya Bi Tomie. Inatembea juu ya karatasi bila kutikiswa na mtu, inapita shule, inapita miaka ishirini na tisa ya kiwandani katika mstari mmoja, inafika kwenye kisanduku. Anaandika moja kwa moja, wala hamwulizi mtu: "Kutengeneza miavuli iliyotupwa." Anapulizia wino. Anagonga muhuri wake. Anasimama, magoti yanalia, anawainamia watu wa safu yake, anamwinamia hata Bwana Gondo, na anatoka. Tunasikia kengele ya baiskeli. Saa kumi na dakika thelathini na nane.

Kisha Mzee Ushijima anasimama. "Haruyo, mwanangu," ananiita, "hilo kabati lina uzito gani?"

Namwambia: "Kilo tisini na mbili, Mzee. Niliuandika mimi kwenye orodha ya mali."

"Na ng'ambo ya daraja ni mbali kiasi gani?"

"Dakika kumi. Na mzigo, kumi na tano."

Anaugeukia ukumbi. "Mmesikia. Kilo tisini na mbili, watu mia na themanini na sita. Hata nusu kilo kila mtu haifiki."

"Lakini fomu zenyewe zinasema Nabebuta!" anapiga kelele mmoja.

"Zitasema hivyo hivyo. Ukiulizwa, sema kweli: niliandika kama mfano. Usipoulizwa, shika kazi. Nyanyueni!")

Ndugu zangu, naona mwitikio mkubwa, naona watu wanapanda jukwaani kunipongeza, naomba mpande kwa zamu, tusisukumane. Hapana, mkono wangu uko huku. Huko ni kwenye kabati. Jamani, utepe huo haujakatwa bado!

(Kila anayepanda jukwaani anamwinamia kwanza. "Samahani kwa usumbufu, Mkuu." "Tunaomba radhi, Mkuu, tunapita." Kisha anashika chuma. Akina mama wa vipini wameshika upande wa kushoto, wakata vitambaa upande wa kulia. Kabati limenyanyuka. Bwana Gondo amerudi nyuma hadi kwenye kiti cha Meya, kipaza sauti bado mkononi. Nimeweka kalamu mfukoni. Kuanzia hapa namnukuu kwa kichwa, kutoka kwenye vipaza sauti vya nje, ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvizima.)

Wananchi! Kabati hilo ni mali ya manispaa, lina namba! Kulitoa nje kunahitaji kibali chenye mihuri mitatu! Mbona mnatoka na hotuba bado ina kiambatisho? Kamanda wa Zimamoto, wewe ni mtu wa serikali, waambie! Kwa nini na wewe umeshika?

(Tumefika kwenye daraja. "Kulia kidogo! Kulia!" "Mzee, wewe acha, una goti." "Goti ni la chuma, kabati ni la chuma, wacha wasaidiane!" Mbele yetu, katikati ya daraja, Bi Tomie, aliyekuwa akiisukuma baiskeli kwa mkono ili fomu isikunjike, amesikia kelele, akageuka, akaiona Awamu ya Kwanza inamjia na utepe wake. Ameiegemeza baiskeli kwenye ukingo, fomu yake ameibana kwa meno, na sasa ameshika mbele.)

Naam. Naam, sasa naiona picha pana. Bi Nezu, uko wapi? Andika kwenye taarifa ya mwisho. Andika: fomu zote mia moja themanini na saba zimemfikia mwajiri kabla ya muda, kwa ushirikishwaji kamili wa walengwa, chini ya uongozi mahiri wa Mkuu wa Idara. Ufanisi, asilimia mia moja. Umeandika, Bi Nezu? Bi Nezu?

(Sikuandika. Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya pembe ya nyuma ya kabati, na mlinzi wa kiwanda cha figili, baada ya kututazama kwa muda mrefu na kutazama saa yake, alikuwa amekwenda kufungua na upande wa pili wa geti, ili kabati lipite.)